Nani Kasema Baiskeli ni ya Tambarare?

Siku niliyoipakia baiskeli yangu kwenye bajaji hapa Msasani, gurudumu la mbele limechomolewa na kufungwa kwa mipira juu ya keria, kijiwe kizima cha kahawa kilisimamisha bao. Mzee mmoja ninayemwamkia kila asubuhi alinirudishia marahaba nusu, kisha akauliza kama naipeleka kuuza. Nikamwambia hapana, mzee wangu, naipeleka Makete nikapande nayo mlima. Alicheka mpaka kahawa ikamwagikia kanzu. "Mwanangu," akasema alipopata pumzi, "mlima unapandwa na gari. Gari ikikosekana, pikipiki. Pikipiki ikikosekana, miguu ya Mungu. Baiskeli ni chombo cha huku kwetu, tambarare." Waliobaki wakaitikia kama wanaitikia dua.

Sina ugomvi na mzee. Nina ugomvi na hayo maneno, maana si yake peke yake. Nimeyasikia kwa mafundi, kwa makondakta waliokataa kunipakilia, kwa vijana wa bodaboda, na kwa watu waliozaliwa milimani wenyewe. Hoja huwa ile ile: mlimani baiskeli haipandiki, isipopandika utaikokota, na ukishaikokota chombo kimekushinda, bora ungekiacha nyumbani. Wanaoitoa huitoa kwa uhakika wa mtu anayesema maji hayapandi mlima. Mimi nasema ni mbovu kuanzia kwenye kanyagio mpaka kwenye kengele.

Tuanze na hiyo tambarare inayosifiwa. Toka Msasani kwenda mjini hakuna mlima. Mwinuko wetu mkubwa ni wa Daraja la Tanzanite, nao ukianza kuusikia kwenye mapaja umeshaisha. Kwa hesabu ya kijiwe, hapa pangekuwa pepo ya baiskeli. Haya, ni wangapi kati yenu mnaipanda kwenda kazini? Barabara ya Mwai Kibaki asubuhi ni gari mkia kwa mkia, bodaboda zinapenya kushoto na kulia, na ukingo wa lami unakatika ghafla ukiacha kishimo cha mchanga ambacho gurudumu likiingia halitoki. Njia za baiskeli zilizojengwa sambamba na barabara ya mwendokasi, mradi ulioanza kubeba abiria 2016, kuna mahali zimegeuka meza za machungwa na maegesho ya pikipiki. Umma wa Wapanda Baiskeli, UWABA, wamelipigia kelele suala la njia katika jiji hili kwa miaka mingi. Ongeza jua la Februari, unafika ofisini shati limegandamana na mgongo kama umetumbukia Coco Beach na nguo zako. Wanaoipanda ni muuza samaki mwenye tenga nyuma, muuza mikate, kijana wa guta, watu ambao hatuwahesabu tunapozungumzia usafiri. Kama ardhi iliyolala ndiyo inayoifaa baiskeli, Dar ingekuwa imejaa baiskeli hadi kero. Kinachoikataa baiskeli Dar si ardhi, na kwa hiyo tusiharakishe kusema kinachoikataa mlimani ni ardhi.

Sasa mlima wenyewe. Watu huuzungumzia kana kwamba una chuki ya pekee na magurudumu. Chukua mtu wa kilo 75 mwenye begi la kilo 10. Akiwa kwa miguu, kila mita ya kimo anayopanda ameinua kilo 85. Akiwa na baiskeli ya kilo 15, ameinua kilo 100. Yaani mlima unamtoza mtu kwa ajili ya mwili wake na begi lake, baiskeli imeongeza hizo 15 tu. Kisha njoo kwenye kushuka. Wa miguu anajizuia kila hatua, magoti yakilipa deni ambalo hayakukopa. Wa baiskeli anarudishiwa alichotoa: ameketi, upepo masikioni, na kilomita kumi zinaisha kabla hajaamua atakula nini. Kwenye tambarare hurudishiwi kitu, unakanyaga kwenda na unakanyaga kurudi, na mara nyingi upepo wa bahari uko kifuani.

Shida ya kweli ni gia, na hapo mzee ana nusu ya haki. Phoenix ya gia moja, iliyotulea sote, kanyagio likizunguka mara moja inakwenda kama mita 5. Kwenye mwinuko wa moja kwa kumi, kila mzunguko unajiinua nusu mita wewe na chuma chako chote. Hakuna paja la binadamu wa kawaida linaloweza kazi hiyo kwa saa nzima. Baiskeli ya gia, hata ile ya mtumba iliyoshuka na kontena kutoka Japani rimu zikiwa na kutu, ukiirudisha gia ya chini kabisa inakwenda kama mita moja na nusu kwa mzunguko. Unajiinua sentimita 15, ambayo ni ngazi ya kawaida ya nyumba. Mzee ujanani mwake aliiona Phoenix ikishindwa, akaulaani ukoo mzima.

Niliyaona haya kwa macho yangu Chimala, nikiwa njiani kwenda Makete. Ni mji mdogo kando ya barabara kuu, kilomita 78 kabla hujafika Mbeya mjini, juu kidogo ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na nyuma yake milima imesimama kama ukuta wa uani. Barabara ya kwenda Matamba imeuchora ukuta huo kwa kona kali, na jina lake limetokana na idadi ya kona zake: Hamsini na Saba. Juu kabisa kuna uwanda wa Kitulo, kama mita 2,600. Tofauti hiyo ya mita 1,500 huwezi kuipata Dar hata ukipanda juu ya ghorofa refu kuliko yote ya Posta.

Nilizihesabu kona hadi ya 31, lori likanipita na vumbi lake, hesabu ikaenda nalo. Mtu anayetazama kwa mbali hudhani kazi ni nguvu. Kumbe ni tabia. Ukisimama juu ya kanyagio kwenye kokoto, uzito unahama mbele na gurudumu la nyuma linateleza. Ukikaa kitako na kuinama kidogo, linashika. Upande wa ndani wa kona ni mfupi lakini ni mkali kupita kiasi, kwa hiyo unatanua mpaka nje kabisa kama lori, ukiomba lori halisi lisitokee. Sehemu zilizonyooka nilizipanda. Kona nyingi nilishuka nikakokota. Nayasema haya bila haya usoni, na hapa ndipo penye kiini cha ugomvi wangu na kijiwe.

Kwenye mojawapo ya kona hizo nilimkuta mama wa makamo amepumzisha kiroba cha unga juu ya jiwe. Nikamwamkia, akanipa pole ya safari, akaitazama baiskeli, akanitazama mimi, akauliza kwa upole kabisa, "Sasa mbona unaisindikiza?" Tulicheka. Kisha tukakifunga kiroba kwenye keria kwa ile mipira yangu, na kuanzia hapo tukaisindikiza wawili, mimi kwenye usukani na yeye akisukuma siti kwa mkono mmoja, tukizungumza bei ya viazi. Kiroba kilichokuwa kinamkandamiza shingo kilikuwa sasa kinakandamiza matairi, na matairi hayalalamiki. Tulipofika njia panda yake alikishusha, akashukuru, akaenda zake, na mimi nikabaki nikijiuliza ni kushindwa gani huku ambako kumembebea mtu mzigo wake mlimani.

Kiswahili chenyewe kinakijua chombo hiki. Kukokota ndiko kulikozaa mkokoteni. Nenda Kariakoo ukamwambie mtu wa mkokoteni mwenye magunia ya sukari kwamba chombo chake kimemshinda kwa sababu hajakipanda, uone atakachokujibu. Tumekubali kwamba gurudumu linalosukumwa ni kazi, ila gurudumu lenye kanyagio likisukumwa tunaliita aibu. Ni mazoea ya mtu aliyeiona baiskeli kwanza kama cheo, kile chombo cha karani na mwalimu mkuu, na anaona kushuka juu yake ni kuvuliwa cheo mbele za watu.

Waulizeni wa Goma, ambao ni Waswahili wenzetu. Huko Kivu ya Kaskazini kuna chukudu, baiskeli ya mti mtupu: ubao mrefu, usukani kama pembe za ng'ombe, magurudumu mawili ya mbao yaliyovishwa mpira. Haina kanyagio hata moja. Haina mnyororo. Kwa sheria ya kijiwe cha Msasani ilipaswa kutupwa jikoni iwe kuni. Lakini hicho ndicho chombo kinachoteremsha viazi, kabichi na makaa kutoka Kibumba na vijiji vingine vya juu kuja mjini, kwa mamia ya kilo, mwenyewe amepiga goti moja juu ya ubao na mguu wa pili ukikanyaga kipande cha mpira kinachosugua gurudumu la nyuma kuwa ndiyo breki. Kupanda anaisukuma. Kila mtu anaisukuma. Mji wa Goma umemjengea mtu wa chukudu sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mzunguko wa barabara, na sijui sisi hapa tumewahi kumjengea nani sanamu kwa kusukuma kitu.

Wafaransa nao walilipia imani hii kwa vita. Novemba 1953 walijichimbia katika bonde la Dien Bien Phu, Vietnam, wakiamini kwamba adui hawezi kupitisha shehena ya kutosha katika milima ile. Wavietinamu walikuja na maelfu ya baiskeli. Hawakuzipanda. Waliondoa siti, wakafunga mti kwenye usukani uwe mkono wa kuongozea, wakapakia kilo 200 na zaidi kila moja, wakazikokota usiku kucha. Bonde likaanguka Mei 1954.

Najua jibu linalokuja: hayo ni ya shida na vita, leo kuna pikipiki. Ndiyo, zipo, na mgonjwa wa usiku kule Matamba simtakii baiskeli. Lakini angalia mzigo wa mlimani unaelekea wapi. Viazi vinashuka. Mbao zinashuka. Mboga za Lushoto zinashuka Mombo, za Mgeta zinashuka Morogoro. Anayepanda mara nyingi anapanda na sukari, sabuni na chumvi. Yaani mlima umepanga safari kwa namna inayoifaa baiskeli kuliko chombo kingine: mzigo mzito unakwenda na mteremko, na mwinuko unakutana na keria tupu. Kwenye tambarare mpango huo haupo, gunia ni lile lile kwenda na kurudi. Kijana wa pikipiki, kwa upande wake, ananunua petroli ya kupanda na anatia moto breki kushuka, na jioni hesabu ya bosi iko pale pale, mvua inyeshe isinyeshe. Baiskeli ya mkataba bado sijaisikia. Na tukumbushane kwamba hata hilo jina la bodaboda pikipiki zimelirithi kwa baiskeli, zile zilizokuwa zikivusha watu mpakani Busia, wakati Kanda ya Ziwa mpaka leo ukisema daladala kuna wanaogeuka kutafuta baiskeli.

Halafu kuna hili la Wazungu, ambalo linaniudhi zaidi. Eti baiskeli mlimani ni mchezo wao. Nakubali wamelifanya lionekane hivyo. Katikati ya miaka ya 1980 binamu wawili Waingereza, Richard na Nicholas Crane, walifikisha baiskeli kilele cha Kilimanjaro, wakipita mbuga za juu zenye vichaka vifupi na baridi hadi kwenye majivu, sehemu kubwa wakiwa wamezibeba. Hadithi nzuri, na walichangisha nayo fedha za misaada. Lakini si ushahidi wangu, na wala sihitaji ushahidi wa mtu aliyepanda mlima mara moja akarudi kwao kuandika kitabu. Ushahidi wangu umezaliwa kwenye mwinuko. Biniam Girmay ni mtoto wa Asmara, mji ulio juu ya mita 2,300, na mwaka 2024 alishinda hatua tatu za Tour de France akarudi na jezi ya kijani, Mwafrika wa kwanza mweusi kufanya hivyo. Rwanda hawakuiona milima yao elfu kuwa kilema. Septemba 2025 mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani yalifanyika Kigali, mara ya kwanza Afrika tangu yalipoanza 1921, na wenyeji walichagua njia yenye mipando kwa makusudi, wanaume wakapewa kilomita 267 na zaidi ya mita 5,000 za kupanda.

Rafiki yangu mmoja, wakili, alinirukia hapo. Kati ya 165 walioanza walimaliza 30 tu, akasema, mlima umewashinda hata wao! Hapana, wakili. Tadej Pogačar alichomoka zikiwa zimebaki zaidi ya kilomita 100, akawavuruga wenzake mpaka wengi wakakosa sababu ya kuendelea. Mlima haukuwatupa, aliyewatupa ni Pogačar. Na kando ya barabara hiyo hiyo, siku nyingine zote za mwaka, kuna Mnyarwanda anapanda na jerikeni za maziwa na hakuna anayempigia saa.

Upo upande mmoja ambao nainamisha kichwa. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Ile barabara inayoteremka kutoka Bugarama kwenda Bujumbura, vijana wenye mikungu ya ndizi huishuka kwa kasi ya gari, na kupanda hujishikiza nyuma ya malori kwa mkono mmoja. Hilo silitetei kwa neno hata moja. Breki za vyuma za Phoenix kwenye rimu iliyolowa ni dua zaidi kuliko breki. Hata zile nzuri, ukizibana mfululizo kwenye mteremko mrefu rimu inapata moto hadi tyubu inapasuka, na kupasuka huko hakuchagui kona. Mtu anashuka kwa kubana na kuachia, kubana na kuachia, anasimama njiani kama lori linalopoza, anagusa rimu kwa kidole. Mipira mipya ya breki haizidi sana sahani ya chipsi mayai. Anayeniambia mlima unaua namwomba kwanza anionyeshe mipira yake.

Na kuhusu kujitesa, kwamba mtu mzima anaacha feni yake Msasani akaenda kuhema mlimani: ukishamaliza Hamsini na Saba huanzi tambarare. Kitulo si meza. Ni nyasi, vilima vya mviringo kimoja baada ya kingine, mti hakuna, ukungu unakuja bila hodi na kuondoka bila kwaheri. Unapanda dakika 10, unashuka dakika 2, unapanda tena. Wenyeji wanapaita Bustani ya Mungu. Serikali ilipafanya hifadhi ya taifa 2005, zaidi ya kilomita za mraba 400, hasa kwa ajili ya maua, na okidi peke yake ni aina 45. Yalikuwa yamechanua. Gari la wageni lilinipita vioo vimefungwa kwa baridi, na abiria wa nyuma alikuwa amelala mdomo wazi. Kwa mwendo wangu, kilomita 8 kwa saa, ua lilikuwa linatokea upande wa kulia, nalitazama, nalipita, nalikumbuka. Kwa miguu ningeliona vizuri zaidi, sikatai, ila nisingefika kilima cha tano kabla ya mvua.

Nilishuka siku ya tatu. Kona zote 57 niliziteremka kwa saa chache, nikisimama kupoza rimu, vidole vikiwa vimekufa ganzi. Sikuanguka. Sikupata hata pancha. Nilipofika Kituo cha Mabasi cha Magufuli, Mbezi, alfajiri, nikasema bajaji ya nini tena, nikalifunga gurudumu la mbele, nikaingia Barabara ya Morogoro nikikanyaga kurudi nyumbani.

Asubuhi hiyo nilipita kijiweni nikiikokota. Madigadi ya nyuma ilikuwa imepinda hadi inagusa tairi, kiwiko kimechubuka, suruali imechanika gotini. Nikaamkia. Mzee aliitazama baiskeli, akanitazama mimi, na uso wake ulikuwa na furaha ya mtu ambaye utabiri wake umetimia.

"Mlima huo," akasema.

"Hapana, mzee wangu. Kioo cha gari. Hapo tu, kabla ya kukata kona ya kuingia kwetu. Tambarare."

Akasogea kwenye benchi, akanipisha nikae.